Nchi Inapojitoa Katika Jumuiya ya Kiuchumi: Yaliyoikuta Uingereza na Yanavyotufikia Nakuru

Karibu kila siku malori yenye majokofu hutoka Naivasha yakiwa yamebeba maua kuelekea Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Baadhi ya maua hayo huenda Uholanzi, mengine Ujerumani, mengine Uingereza. Hadi mwisho wa mwaka 2020 yote yaliingia katika nchi hizo kwa masharti ya aina moja, kwa kuwa zote zilifuata kanuni za Umoja wa Ulaya. Tangu tarehe 1 Januari 2021 mambo si hivyo tena. Maua yaliyokatwa katika shamba moja, siku moja, na mikono ya mfanyakazi yule yule, sasa hufuata kanuni za aina mbili kutegemea yanakokwenda.

Wakazi wengi wamesikia neno Brexit redioni, yaani hatua ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, lakini wachache wamepata kuelezwa hatua hiyo ilikuwa na maana gani kwa mkulima au mfanyabiashara wa huku kwetu. Makala haya yanaeleza kwa lugha nyepesi jinsi nchi inavyojitoa katika jumuiya ya kiuchumi, kinachotokea kwa biashara na kwa siasa zake, na mambo ambayo mkazi wa kaunti yetu anaweza kufanya ili asikutwe hajajiandaa.

Jambo la kukumbuka tangu mwanzo ni hili: kujitoa hakuui biashara. Huifanya kila safari ya bidhaa iwe ghali zaidi na yenye shughuli nyingi zaidi, na mzigo huo humwelemea zaidi aliye mdogo.

JUMUIYA YA KIUCHUMI NI NINI?

Nchi zinaposhirikiana kiuchumi hupanda kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni eneo huru la biashara. Hapa nchi wanachama hazitozani ushuru wa forodha, lakini kila moja hujiamulia ushuru wa bidhaa zinazotoka nje ya kundi. Ngazi ya pili ni umoja wa forodha, ambapo wanachama wote hutoza ushuru wa aina moja kwa bidhaa za wageni. Ngazi ya tatu ni soko la pamoja. Humo si bidhaa tu zinazovuka mipaka kwa uhuru, bali pia wafanyakazi, huduma na mitaji. Baadhi ya makundi huendelea hadi kutumia sarafu moja.

Sisi wenyewe tunaishi ndani ya kundi la namna hiyo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha umoja wa forodha mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010. Ndiyo maana vitunguu kutoka Tanzania hufika katika masoko yetu bila kutozwa ushuru wa forodha, mradi viwe na cheti kinachoonyesha vilikolimwa. Bidhaa iliyokamilika ikitoka nje ya Afrika Mashariki kwa kawaida hutozwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 baadhi ya bidhaa hutozwa asilimia 35.

Faida hizi zina bei yake. Mwanachama hupoteza sehemu ya uhuru wa kujiamulia. Akitaka kupunguza ushuru wa bidhaa moja au kupandisha wa nyingine, sharti ashauriane na wenzake. Mvutano kati ya faida za soko kubwa na hamu ya kujiamulia ndio uliowapeleka Waingereza kwenye kura ya maoni.

UINGEREZA ILIVYOTOKA

Uingereza ilijiunga na kundi lililotangulia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Mwaka 1975 wananchi waliulizwa kama wabaki, na takriban theluthi mbili wakasema ndiyo. Lakini malalamiko hayakwisha. Wengine walisema sheria nyingi zilitungwa Brussels badala ya London. Wengine walilalamikia michango ambayo nchi yao ilitoa kila mwaka, haki za uvuvi, na idadi ya wafanyakazi waliokuja kutoka nchi nyingine za Ulaya.

Tarehe 23 Juni 2016 ilifanyika kura ya maoni ya pili. Watu milioni 17.4 waliunga mkono kujitoa na milioni 16.1 wakataka kubaki, yaani asilimia 51.9 dhidi ya 48.1. Swali la kura lilikuwa fupi: kubaki au kutoka. Halikuuliza nchi itoke vipi. Je, ibaki ndani ya soko la pamoja? Ibaki katika umoja wa forodha? Au ikate kila uhusiano? Kila mwanasiasa alilijibu swali hilo kwa namna yake, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Serikali ilitoa notisi rasmi ya kujitoa tarehe 29 Machi 2017. Sheria ya Ulaya ilitoa miaka miwili ya kukubaliana. Miaka hiyo haikutosha, na muda ukaongezwa mara tatu. Mwaka 2019 Bunge la Uingereza lilikataa mara tatu makubaliano yaliyoletwa na Waziri Mkuu Theresa May; mara ya kwanza, mwezi Januari, yalishindwa kwa kura 432 dhidi ya 202. May akajiuzulu. Boris Johnson akachukua nafasi yake, akashinda uchaguzi wa Desemba 2019, na nchi ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Ukafuata muda wa mpito wa miezi 11, ambapo kanuni za zamani ziliendelea kutumika. Mkataba mpya wa biashara kati ya pande hizo mbili ulikubaliwa tarehe 24 Desemba 2020, siku saba tu kabla ya muda huo kwisha.

Kwa hesabu rahisi, kura ilipigwa kwa siku moja, lakini kutoka kulichukua miaka minne na nusu. Kutoka huko hakukuwa bure. Uingereza ilitakiwa kulipa madeni na ahadi ilizokuwa imetoa ilipokuwa mwanachama, na awali yalikadiriwa kufikia takriban pauni bilioni 39.

BIASHARA: USHURU HAUKURUDI, MAKARATASI YALIRUDI

Mkataba wa Desemba 2020 ulisema kwamba bidhaa zinazozalishwa Uingereza zitaingia Umoja wa Ulaya bila ushuru wa forodha, na za Umoja wa Ulaya vivyo hivyo. Msomaji anaweza kuuliza: kama ushuru haukurudi, hasara iko wapi?

Hasara iko mpakani. Uingereza ilipokuwa mwanachama, lori la nyama lingetoka Scotland likafika Ufaransa kama vile lori la viazi linavyotoka Molo likafika Nairobi. Sasa kila shehena huhitaji fomu za forodha. Nyama, maziwa na samaki huhitaji cheti cha afya kilichotiwa saini na afisa mwenye idhini. Muuzaji sharti athibitishe kwamba bidhaa yake imezalishwa Uingereza, wala haikuagizwa kutoka kwingineko na kubandikwa jina jipya. Huu ndio mtihani unaoitwa kanuni za asili ya bidhaa. Asiyeufaulu hulipa ushuru hata kama mkataba upo.

Kampuni kubwa iliajiri watu wa kushughulikia makaratasi hayo. Mfanyabiashara mdogo aliyekuwa akituma jibini au nguo chache kwa wateja wa Ulaya aliona gharama za fomu zinazidi faida, na wengi wa aina hiyo waliacha kuuza huko. Wauzaji wa kome na chaza kutoka baadhi ya maji ya Uingereza waliathirika zaidi. Umoja wa Ulaya hauruhusu nchi isiyo mwanachama kuingiza viumbe hao wakiwa hai kabla ya kusafishwa kwanza. Sheria hiyo ilikuwepo muda wote. Tofauti ni kwamba sasa Uingereza ilikuwa upande wa nje wa mlango.

Sarafu nayo ilitikisika. Usiku wa kuhesabu kura, Juni 2016, pauni ilishuka kutoka karibu dola 1.50 hadi chini ya dola 1.33, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 30. Pauni ikishuka, kila kitu ambacho Uingereza hununua nje hupanda bei kwa wananchi wake.

Ofisi inayoifanyia serikali ya Uingereza makadirio ya uchumi, OBR, inakadiria kwamba baada ya muda mrefu uzalishaji wa nchi hiyo utakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko ambavyo ungekuwa kama ingebaki, na biashara yake na nchi za nje itakuwa chini kwa asilimia 15. Maana yake si kwamba uchumi umeanguka. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 ambazo uchumi ungetoa, 4 hazipatikani, mwaka baada ya mwaka.

Waliounga mkono kujitoa walisema nchi ingefidia hasara hiyo kwa mikataba mipya, na mikataba hiyo imekuja. Ile ya Australia na New Zealand ilianza kutumika Mei 2023, na Desemba 2024 Uingereza ilijiunga na kundi la biashara la nchi zinazopakana na Bahari ya Pasifiki. Hata hivyo, serikali yenyewe ilikadiria kwamba faida ya kujiunga na kundi hilo la Pasifiki itakuwa chini ya asilimia 0.1 ya uchumi. Soko la jirani halifidiwi kirahisi na soko la mbali, kwa sababu gharama za kusafirisha hazijali mkataba. Kwa upande mwingine, Uingereza ilipata uhuru wa kupanga ushuru wake yenyewe, na uhuru huo, kama tutakavyoona hapa chini, uliwahi kuwafaa wakulima wetu wa maua.

SIASA: MASWALI MAPYA NDANI YA NYUMBA

Katika siasa, athari zilikuwa kubwa kuliko wengi walivyotarajia. Waziri Mkuu David Cameron, aliyeitisha kura akitaka nchi ibaki, alitangaza kujiuzulu asubuhi ya matokeo. Kati ya mwaka 2016 na 2024 Uingereza iliongozwa na mawaziri wakuu sita. Si wote walioondoka kwa sababu ya Brexit, lakini mgawanyiko huo ulivitikisa vyama vyote viwili vikubwa.

Mgawanyiko mwingine ulikuwa wa kimaeneo. England na Wales zilipiga kura kutoka. Scotland ilipiga kura kubaki kwa asilimia 62, na Ireland Kaskazini kwa takriban asilimia 56. Viongozi wa Scotland walidai kura mpya ya uhuru, wakisema wametolewa Ulaya bila hiari yao. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba Bunge la Scotland haliwezi kuitisha kura hiyo bila idhini ya London. Dai lenyewe halijafa.

Tatizo gumu kuliko yote lilikuwa Ireland Kaskazini. Eneo hilo ni sehemu ya Uingereza, lakini linapakana nchi kavu na Jamhuri ya Ireland, ambayo ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Mkataba wa amani wa mwaka 1998 ulimaliza vita vya miongo mitatu, na mpaka ulio wazi ni sehemu ya amani hiyo. Lakini penye kanuni mbili za forodha sharti pawe na mahali pa kukagulia bidhaa. Hatimaye ukaguzi uliwekwa kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza, yaani ndani ya nchi moja. Chama kikubwa cha wanaotaka kubaki na Uingereza kilisusia serikali ya eneo hilo kuanzia Februari 2022 hadi Februari 2024. Makubaliano ya Windsor ya mwaka 2023 yalipunguza ukaguzi huo bila kuuondoa kabisa.

Kuhusu wahamiaji, mambo yalikwenda kinyume na matarajio ya wengi waliopiga kura. Wafanyakazi kutoka Ulaya walipungua, na mwaka 2021 Uingereza ilikosa madereva wa malori na wavunaji wa matunda. Nafasi nyingi zilijazwa na watu kutoka nje ya Ulaya, na idadi ya wahamiaji ikapanda hadi kiwango cha juu kuliko kilichowahi kurekodiwa. Julai 2021 Kenya nayo ilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi wetu kufanya kazi huko.

Leo serikali ya Uingereza inasema haitarudi katika soko la pamoja wala umoja wa forodha. Lakini Mei 2025 ilikubaliana na Umoja wa Ulaya kutafuta mapatano mapya yatakayopunguza ukaguzi wa vyakula na mimea mpakani. Aliyetoka anabisha hodi, ingawa si kwa ajili ya kurudi kulala.

KENYA ILIVYOGUSWA

Kenya haikupiga kura, lakini matokeo yake yalitufikia. Ili kuelewa kwa nini, turudi nyuma kidogo.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Kenya ndiyo mwanachama pekee asiyehesabiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi duniani. Uganda, Tanzania, Rwanda na wengine huuza Ulaya bila ushuru kwa sababu ya hali yao. Kenya huhitaji mkataba. Tulionja kukosa mkataba mwaka 2014: mazungumzo na Umoja wa Ulaya yalipochelewa, maua na mazao yetu mengine yalitozwa ushuru kuanzia Oktoba hadi Desemba mwaka huo.

Mkataba wa Ushirikiano wa Kiuchumi kati ya Ulaya na Afrika Mashariki ulitakiwa kutiwa saini na wanachama wote wa Jumuiya. Julai 2016, wiki chache baada ya kura ya Uingereza, Tanzania ilitangaza kwamba haitatia saini, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni Uingereza kujitoa. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016, lakini bila wenzao mkataba haukuweza kuanza. Tazama jinsi uamuzi wa nchi moja ya Ulaya ulivyochangia kuzitenganisha nchi za huku kwetu.

Kisha likaja suala la Uingereza yenyewe. Bidhaa zetu zilikuwa zikiingia London bila ushuru kwa sababu ya mpango wa Umoja wa Ulaya. Uingereza ikitoka, mpango huo haungefanya kazi huko tena. Wakati huo serikali ya Uingereza ilieleza kwamba nchi yake hununua asilimia 43 ya mboga ambazo Kenya huuza nje na angalau asilimia 9 ya maua. Tarehe 8 Desemba 2020, zikiwa zimebaki siku 23, Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wao jijini London. Bunge la Kitaifa liliujadili, na ukaanza kutumika Machi 2021. Bidhaa zetu zinaendelea kuingia bila ushuru wala kikomo cha kiasi. Kenya nayo itafungua soko lake kwa bidhaa za Uingereza hatua kwa hatua katika muda wa miaka 25, huku baadhi ya mazao ya kilimo yakiachwa nje ili kuwalinda wakulima wetu.

Mkataba huo ulizua mjadala. Baadhi ya vikundi vya wakulima wadogo vilihofia ushindani. Wengine waliuliza itakuwaje Kenya iwe na mkataba wake peke yake ilhali Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliamua kwamba nchi iliyo tayari kutekeleza mkataba na Ulaya inaweza kuanza huku wengine wakifuata baadaye. Kwa njia hiyo Kenya ilitia saini mkataba wake na Umoja wa Ulaya tarehe 18 Desemba 2023, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Hata baada ya mikataba hiyo kupatikana, mkulima wa maua aliendelea kuona tofauti. Maua mengi ya Kenya hupelekwa kwanza kwenye minada ya Uholanzi, kisha hununuliwa na kusambazwa. Zamani ua lililouzwa Uholanzi na kwenda Uingereza halikuvuka mpaka wowote wa forodha. Baada ya 2020, ua la Kenya lililopitia nchi ya tatu liliweza kutozwa ushuru wa asilimia 8 likiingia Uingereza, ilhali lililosafirishwa moja kwa moja kutoka Nairobi halikutozwa kitu. Mkataba ulikuwepo, lakini njia ilikuwa nyingine. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu kulitatua: Uingereza, ikitumia ule uhuru wake wa kupanga ushuru, ilisimamisha ushuru huo wa maua kuanzia tarehe 11 Aprili 2024 hadi tarehe 30 Juni 2026.

Kwa wakulima wa chai wa Kuresoi, hali ilikuwa tofauti. Chai nyeusi inayouzwa kwa wingi bila kufungashwa haitozwi ushuru Uingereza, kwa hiyo hofu ya ushuru haikuwepo. Lakini chai yetu huuzwa kwa dola katika mnada wa Mombasa. Pauni iliposhuka, mnunuzi wa Uingereza alihitaji pauni nyingi zaidi kununua kiasi kile kile.

AFRIKA MASHARIKI TULISHAONJA

Wazee wetu hawahitaji kusimuliwa ya Uingereza ili waelewe jambo hili. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la reli, moja la bandari, moja la posta na moja la ndege. Tofauti za kisiasa na malalamiko kwamba faida hazikugawanywa sawa ziliivunja. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka huo na haukufunguliwa tena hadi 1983. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalipatikana 1984. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulitiwa saini Novemba 1999, na umoja wa forodha ukaja 2005.

Hesabu miaka: tangu kuvunjika hadi umoja wa forodha kurudi ni miaka 28. Kizazi kizima kilikua bila soko hilo. Kwa hiyo tunaposikia mivutano mpakani kuhusu mahindi, maziwa au vibali vya biashara, tukumbuke kwamba kuirekebisha jumuiya yenye kasoro ni nafuu kuliko kujenga mpya. Na malalamiko ya mwanachama yasipuuzwe, kwa kuwa Uingereza na Jumuiya yetu ya zamani zote zilifika mwisho kwa malalamiko yaliyokaa muda mrefu bila majibu ya kuridhisha.

MKAZI AFANYE NINI?

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, biashara ya kimataifa na mikataba na nchi za kigeni ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kilimo, masoko na leseni za biashara ni kazi ya kaunti. Mkataba husainiwa mbali, lakini mzigo wa kuutimiza huanzia shambani. Zingatia mambo haya:

1. Jua mazao yako yanaishia wapi. Mkulima wa maharagwe ya kuuza nje au maua akiuliza tu bei ya kilo, hajauliza la maana. Muulize mnunuzi: yanakwenda Uingereza au Umoja wa Ulaya? Yanakwenda moja kwa moja au yanapitia nchi nyingine?

2. Tunza daftari la dawa za shamba. Tangu 2021 Uingereza hujiwekea yenyewe viwango vya juu vya mabaki ya dawa katika mazao, na Umoja wa Ulaya una vyake. Dawa inayokubalika upande mmoja inaweza kukataliwa upande wa pili. Andika jina la dawa, kipimo na tarehe ya kunyunyiza. Shehena ikikataliwa kwa ajili ya mkulima mmoja, kikundi kizima hupata hasara.

3. Fahamu vyeti viwili. Cheti cha afya ya mimea hutolewa na KEPHIS baada ya ukaguzi. Cheti cha asili ya bidhaa, kinachothibitisha kwamba zao limetoka Kenya, hupatikana kupitia KRA. Bila cha kwanza mzigo hauingii. Bila cha pili unaweza kutozwa ushuru ambao mkataba uliuondoa.

4. Unayefanya biashara na majirani, tumia haki yako. Mfanyabiashara mdogo anayevusha bidhaa zinazotambuliwa, zilizozalishwa Afrika Mashariki na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, anaweza kupata mpakani cheti rahisi cha asili ya bidhaa kutoka kwa maafisa wa forodha. Kupita njia za panya ili kukwepa ushuru ambao hata hudaiwi ni kujitia hasara.

5. Jiungeni katika vikundi au vyama vya ushirika. Uingereza ilionyesha kwamba makaratasi humwangusha mdogo kwanza. Gharama ya cheti na ukaguzi ikigawanywa kwa wakulima 50 hubebeka. Ikibebwa na mmoja humshinda.

6. Toa maoni. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu kufanya na kuidhinisha mikataba inataka Bunge la Kitaifa liujadili mkataba na wananchi washirikishwe kabla haujaidhinishwa. Tangazo la Bunge la kuomba maoni likitoka, kikundi chochote cha wakulima kinaweza kuandika na kueleza zao gani lilindwe na soko gani litafutwe. Waingereza walipiga kura bila kuelezwa vya kutosha watatoka vipi. Sisi tuna nafasi ya kuuliza kabla saini haijatiwa.

Kwa maelezo zaidi kuhusu masoko ya nje, viwango vya dawa na vyeti, muone afisa wa kilimo wa wadi yako. Wafanyabiashara wanaweza kufika katika ofisi za idara ya biashara ya kaunti zilizo katika kaunti ndogo zao. Uendapo, beba daftari lako la shamba au risiti za mauzo, ili afisa akuelekeze kulingana na zao lako na soko unalouzia.